Mwanakhamis Alitoka Nje

Mwanakhamis alitoka nje. Naanza na hilo ili wanaolinong'ona kutoka mtaa wa Hodge Hill hadi Handsworth huku ughaibuni wapumzishe ndimi zao. Alitoka akiwa ndani ya eda, mchana kweupe, hatua sita kutoka mlango wa jikoni hadi geti la nyuma. Na ndiyo, alimshika mwanamume. Mengine yote mliyosikia ni uongo, na mimi, mwalimu na mjane wa kaka yake, nayaandika yalivyokuwa.

Wifi yangu huyu alipika katika skuli ya msingi hapa Acocks Green kwa miaka kumi na tisa. Si mtu wa maneno. Siku moja alimwona msichana wa Kiafghani akiokota vipande vya penseli vilivyotupwa. Akamuuliza ni vya nini. Ni vya dada yake aliyebaki kwao, alijibu yule mtoto, kwa sababu huko msichana akimaliza darasa la sita haruhusiwi tena kusoma. Mwanakhamis alirudi nyumbani na hakula. Wiki iliyofuata akajiunga na wanawake wanaouza vyakula katika ukumbi mmoja wa Handsworth. Kinachopatikana kinawalipa walimu wawili wanaofundisha wasichana kwa siri nyumbani kwa mtu, hukohuko Afghanistan. Sambusa zake ndizo zilizokuwa zikiisha mwanzo.

Mwezi wa kumi mumewe, Vuai, akafariki. Eda ikawa miezi minne na siku kumi ndani, bila manukato wala mapambo. Nikahamia kwake. Wiki ya tatu akaniambia, "Wifi, kutoka sitoki. Lakini nani kasema na mikono nayo imekaa eda?" Akaanza kukata vitunguu. Wanawake wenzetu sita wa Kizanzibari wakawa wanakuja kutusaidia kukunja sambusa.

Trei alikuwa akizichukua Jatinder kwa gari lake. Mkewe, Jaspreet, ndiye msimamizi wa mauzo. Jatinder ni Singasinga wa miaka sabini na tatu, mzaliwa wa Kisumu, na Kiswahili hakijamtoka. Mwanakhamis anaweka trei juu ya pipa la taka kando ya mlango bila kuvuka kizingiti, anafunga mlango, kisha anagonga dirisha kwa mwiko. Mzee anasubiri nje ya geti, viganja usoni asimwone mjane.

"Mama, macho nimefunga! Ile ya pilipili iko wapi?"

"Mwambie trei ya chini," Mwanakhamis ananiambia, nami napaza sauti.

"Na ya dereva?"

"Mwambie dereva akale kwake!"

Tulicheka. Kama kicheko cha mfiwa ni dhambi, niandikieni mimi.

Jumamosi moja ya mwisho wa Disemba kulikuwa na barafu. Jatinder aliteleza, kichwa kikagonga nguzo ya geti. Mimi nilikuwa juu nikiswali. Mwanakhamis aliona dirishani damu ikishuka kwenye ndevu nyeupe. Akatoka miguu mitupu, akampakata, akabana jeraha kwa kanga ya jikoni mpaka ambulansi ikafika. Kisha akarudi ndani. Mwenye eda akipata dharura hutoka. Aliyekaa chuo cha Kurani hata mwaka mmoja analijua hilo.

Lakini jirani alikuwa amepiga picha, na picha ikamfikia Zainab wa Hodge Hill, mmoja wa wale sita. Ujumbe wake wa sauti ulisambaa kwenye simu, nami niliusikia kwa masikio yangu: "Shoga, kaburi la Vuai halijakauka, mjane kakumbatia Kalasinga!"

Wale wakunjaji sita hawakuja tena. Zilibaki wiki mbili kufikia mauzo makubwa ya Januari, yaliyokuwa yawalipe walimu mpaka Agosti. Bila malipo hakuna darasa. Wasichana thelathini na mmoja wakae nyumbani.

Zainab akaja mlangoni na wenzake wawili. "Bi Mwanakhamis aombe radhi mbele ya wanawake, na sisi turudi kupika."

Mwanakhamis akanivuta mkono kutoka nyuma. "Wifi, niache niombe. Neno moja tu, watoto wapate kusoma."

"Radhi ya nini?" nilisema. "Ya kutomwacha mzee afe getini?"

"Ni jina lenu linalochafuka, mwalimu."

"Jina letu lilikuwa safi mpaka ulipolitia mdomoni mwako." Nikaufunga mlango.

Siku mbili Mwanakhamis alikata vitunguu peke yake. Siku ya tatu aliniuliza, "Wewe umelinda jina. Wale watoto nani anawalinda?"

Nimefundisha jiografia miaka ishirini na sita na sikuwahi kuuza hata chungwa. Nikasimama mbele ya karai. Sambusa za mwanzo niliziunguza. Jaspreet alileta wanawake wanne wa gurdwara yake, hekalu la Masingasinga. Walikunja sambusa nene kama mito ya kulalia, Mwanakhamis akizikunjua moja moja na kuanza upya. Jatinder alikuja kubeba trei akiwa ameshonwa nyuzi saba kichwani, akafukuzwa na mkewe akalale.

Tulipata malipo ya walimu mpaka Mei. Hayakufika Agosti. Miezi mitatu ile namdai Zainab na sauti yake, na Mungu anaona kwamba sehemu ya deni hilo nadaiwa mimi mwenyewe.

Sasa eda imekwisha, na walewale waliotukimbia wananisimamisha Soho Road wakitaka kujua kama wifi yangu amenisamehe kwa mlango ule nilioufunga. Alichoniambia ni chake na changu. Sitakisema kwenu, na msiniulize tena.