Jenoveva Mbele ya Lori

Jenoveva alikuwa mwalimu wa darasa la pili karibu na Rangwi, mjane asiyependa makuu, mpaka wazee walipomwomba agombee ubunge mwaka 1970. Alizunguka milimani kwa miguu, akihamia Kishambaa kila alipoona Kiswahili kinawachosha wasikilizaji. Akashinda. Bungeni aliomba zahanati na barabara ya kupitishia mboga. Zahanati ilijengwa, barabara ikabaki ahadi.

Kisha ikaja operesheni ya vijiji, serikali ikiwahamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa.

Asubuhi moja mwaka 1974, Salimu, mkulima jirani yake, alifika akihema.

"Shikamoo, mama. Lori limefika kwetu. Mgambo wanang'oa mabati. Wanasema leo hii tushuke tambarare."

"Na maharage?"

"Bado yako shambani."

Jenoveva aliteremka naye mbio. Aliwakuta wanawake wamekalia mizigo yao, mgambo mmoja yuko juu ya paa. Ofisa kijana wa operesheni alimtambua.

"Shikamoo, mheshimiwa. Afadhali umekuja, utusaidie kuwahimiza."

"Marahaba. Nimekuja kuomba waachwe wavune kwanza."

"Amri ni leo." Ofisa akashusha sauti. "Ukipinga mbele ya watu, nitaripoti kwamba mbunge anapinga Chama."

Jenoveva alijua maana yake: ubunge kwisha, pengine na ualimu. Watu walimtazama. Akasogea, akasimama mbele ya lori lililokuwa linanguruma, kiganja juu ya boneti ya moto.

"Karipoti. Lakini huko chini watakula nini?"

Dereva akazima injini. Ofisa akawageukia mgambo, wote Washambaa wa milima hiyo hiyo. Yule wa kwenye paa alikuwa ameshaanza kushuka bila kuambiwa.

"Wavune," ofisa akasema kwa hasira. "Wakimaliza, wanahama."

Walivuna, na kweli wakahamishwa. Hilo Jenoveva hakuweza kulizuia. Huko tambarare malaria ilimchukua mtoto wa Salimu, na mke wa Salimu, Asha, akakataa hata kumtazama mbunge wao. Uchaguzi uliofuata, Chama hakikumteua Jenoveva. Hakuelezwa sababu. Akarudi darasani, akifundisha herufi.

Baada ya miaka kadhaa familia zilianza kupanda tena mlimani, kimyakimya. Jenoveva alikwenda kwa Asha, aliyekuwa amerudi akijenga upya, na mzigo wa nyasi za kuezekea, akasimama uani.

Asha alimtazama. Kisha akaja, akampokea mzigo.