Hoteli Tatu, Chungu Kimoja

Wewe unayenisikiliza, nakuomba jambo moja kabla sijaanza: usicheke nikiliita banda la makuti hoteli. Kwetu hoteli ni mahali popote panapouzwa chakula kilichopikwa, hata kama kiti ni gogo la mnazi na paa linavuja. Na nikikuambia kwamba barabara ya kutoka Kilwa kwenda Lindi ilikuwa na hoteli tatu za ukoo mmoja, zikiuza chakula kile kile kwa ladha ile ile, usidhani natia chumvi. Ya kwanza ilikuwa Nangurukuru, pale njiapanda. Ya pili ilikuwa karibu na mto Mbwemkuru. Ya tatu ilikuwa Mchinga. Leo ukipita hutaona hata figa moja. Wasafiri hushuka, hununua chipsi kwenye mfuko, hupanda, huondoka. Sina ugomvi na chipsi. Ila kila nikiwatazama wanavyokula, hunijia swali lililoanza kunisumbua nikiwa bado mke mgeni: ladha ya chakula hukaa wapi?

Nitakueleza polepole, na usihofu, si hadithi ngumu.

Hoteli zile zilikuwa za dada watatu wa tumbo moja. Mkubwa wao alikuwa mama mkwe wangu, mwenye ile ya Nangurukuru. Niliingia nyumbani kwake miaka michache baada ya Uhuru, na kwa kuwa mume wangu alikuwa akikata mkonge upande wa Lindi na kuja kwa nadra, mimi na mama yake ndio tuliokuwa tukiamka pamoja, tukitwanga pamoja na kuchekana. Dada wa kati ndiye aliyekuwa mtoni. Wa mwisho, ambaye kila mtu alimwita Bi Mdogo, alikuwa Mchinga.

Basi lilipokaribia, utingo alikuwa ameshaning'inia mlangoni akipaza sauti: "Dakika kumi! Wa kula ale, wa kwenda haja aende! Ukitaka yote mawili, anza na moja upesi!"

Kwa hiyo chakula kilikuwa tayari sikuzote. Msafiri alipewa vitumbua viwili juu ya kipande cha jani la mgomba, na supu ya pweza yenye ndimu na pilipili ndani ya kifuu cha nazi kilichosuguliwa kikalainika. Wenye safari ndefu walichukua pia ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini ambayo watu wa kusini huitafuna njiani kama wengine wanavyotafuna karanga.

Sasa sikia utaratibu wao, maana sijauona tena popote. Honi ikilia nawe hujamaliza supu, hukuimwaga wala hukuibugia ukaunguza ulimi. Ulipanda na kifuu chako. Ukifika mtoni ulimkabidhi dada wa kati, naye alikutilia supu ya moto kukamilisha sehemu yako bila kukuuliza neno. Kama mtoni basi halikusimama, ulimaliziwa Mchinga. Vifuu havikuwa vya hoteli fulani. Vilishuka kusini na basi, vikapanda kaskazini na basi, na kifuu kilichotoka kwetu asubuhi kingeweza kurudi baada ya wiki kikiwa kimenywewa na nusu ya mkoa.

"Bibi, kifuu hiki mbona kimepungua?" utingo alizoea kumchokoza mama mkwe. "Umekichonga?"

"Kifuu ni kile kile. Tumbo lako ndilo lililozaa."

"Basi nipe na cha mtoto."

Alipewa. Naye alistahili, kwa sababu ndiye aliyekuwa akibeba mbegu.

Mbegu ndilo jina walilolipa lile rojo la mchele lililochacha ambalo huumua vitumbua. Kila usiku mama mkwe alibakiza kiasi chake chini ya chungu kimoja cheusi, na asubuhi akatia juu yake mchele mpya uliotwangwa na tui. Vipovu vilipanda, chungu kikanung'unika kama mtu anayeota. Mbegu ile ilianzishwa na mama yao. Binti zake walipotawanyika barabarani kila mmoja alipewa ya kwake, na ya mmoja ikiharibika, utingo alimletea nyingine kutoka kwa ndugu yake, ameipakata kwenye kichungu kidogo kama kuku wa mahari. Ndiyo maana vitumbua vya hoteli zote tatu vilikuwa vile vile. Hivyo ndivyo tulivyoamini.

Siku yangu ya kwanza jikoni mama mkwe aliniambia, "Osha kila kitu humu ndani. Hata mimi unioshe ukitaka. Lakini chungu hicho kisiguswe na maji ya kuoshea."

"Tangu lini hakijaoshwa, mama?"

"Tangu kilipozaliwa."

"Na ukikiosha kitakuwaje?"

"Mwanangu," akasema, "umeolewa au umekuja kupeleleza?"

Kisha ikaja amri ya kuhamia vijijini. Huenda umewahi kusikia watu wakiisimulia, wengine kwa uchungu, wengine kwa fahari. Mimi nitakuambia ya jikoni kwetu tu. Nyumba zilipangwa kwa mistari, ndani kidogo kutoka barabarani, na katibu wa kijiji, kijana mpole ambaye mara nyingi alikuwa amekula kwetu, akaja kutueleza.

"Ndugu mama, shikamoo."

"Marahaba. Ndugu au mama? Chagua moja."

Akacheka, kisha akasema alilotumwa. Kijijini hapangekuwa na hoteli ya mtu mmoja. Pangekuwa na hoteli ya kijiji. Ijumaa ya kwanza baada ya kuhama, swala ikishaisha, wanawake waliotaka jiko wangepika, mkutano ungeonja na kuchagua msimamizi mmoja. Waliobaki wote wangekwenda shamba la pamoja na jembe.

Lazima ujue habari ya mguu wa mama mkwe. Zamani alianguka kisimani, mguu ukaunga vibaya, na goti halikukunjika tena. Kwenye jiko alikaa juu ya kigoda kirefu, mguu ameunyoosha pembeni ya moto, na hapo hakuna aliyemshinda. Lakini shambani asingeweza kuinama hata kwa tuta moja. Angekuwa mtu wa kukaa barazani akingoja kuletewa sahani. Wengine wangesema hiyo ni raha. Kwake yeye ilikuwa sawa na kuambiwa ajilaze na kujifunika sanda.

"Nitapika," akasema katibu alipoondoka. "Mbegu ninayo. Wataonja, watajua wenyewe."

Tulihama Jumatatu. Katika pilikapilika zile vyombo vilitangulia, vikarundikwa nje ya nyumba mpya, nami nikarudi kumchukua mama mkwe na magodoro. Jirani yetu alikuwa mama mmoja Mkristo kutoka milima ya Umatumbi, upande wa Kipatimu, naye alikuwa amehamishwa kama sisi, ila alitutangulia kwa siku chache. Kwao mgeni hapokewi kwa maneno. Hupokewa kwa maji. Unamtekea, unamfagilia, na vyombo vyake vilivyojaa vumbi la safari unamwoshea, ili jioni yake ya kwanza asiwe na kazi. Basi mama yule akachukua vyombo vyetu vyote, akaenda navyo kisimani pamoja na binti zake, wakavisugua kwa mchanga na majivu.

Tuliporudi tulikuta chungu chetu juu ya kichanja, chekundu, kinang'aa kama kimetoka kwa mfinyanzi.

"Kile kilinisumbua," jirani akasema huku akijifuta jasho. "Kilikuwa kimegandiwa na uchafu wa kuoza, mama! Tumekisugua zamu kwa zamu. Mlikuwa mnapikia nini humo?"

Nikafungua mdomo. Mama mkwe akanibana mkono kwa nguvu, kucha zikaingia.

"Ahsante, mwanangu," akamwambia jirani. "Mungu akuzidishie. Umetupokea."

Tulipoingia ndani nikamuuliza kwa nini hakumweleza.

"Nimweleze nini? Mtu kakuoshea vyombo, umshtaki? Nitaishi naye ukuta kwa ukuta mpaka kufa." Kisha akakaa juu ya furushi, mguu umenyooka mbele yake kama mti uliolala, akasema kwa sauti ndogo, "Mpate utingo kesho."

Kwa dada wa kati hapakuwa na la kutumainia. Watu wa mtoni walikuwa wameshahamishwa, hoteli imefungwa, na mbegu yake ilikauka njiani. Ilibaki Mchinga. Jumanne nilikwenda barabarani nikampa utingo kichungu kitupu na ujumbe. Alhamisi basi likarudi, springi imevunjika, likalala Nangurukuru. Utingo akaja kwa miguu hadi kijijini, mkononi ana chupa iliyozibwa kwa gunzi la hindi.

"Kichungu kiko wapi?" mama mkwe akauliza.

Utingo akajikuna kichwa. "Bi Mdogo anakusalimu sana. Amesema dada asikasirike. Amesema hata mimi utingo nisipigwe."

"Sema, mwanaharamu wee."

"Mbegu hana. Ilikufa zamani, mwaka wa mvua ile iliyokata barabara. Aliona haya kukuambia. Tangu hapo anaumua kwa tembo la mnazi, lile tamu, la asubuhi."

Mimi, nikuambie ukweli, sikuwa na huzuni peke yake. Nilikuwa nikihesabu kichwani wasafiri wote walioanza kula kwetu wakamalizia Mchinga, wakarudi na vifuu wakisema, vitumbua ni vile vile! Walikuwa wanasema uongo? Au sisi ndio tuliokuwa hatujui tunachokipika?

Mama mkwe alikuwa na lake. "Kwa hiyo mdogo wangu analisha Waislamu tembo."

"Likikaangwa linatoka, Bibi."

"Litoke liende wapi? Na kesho shehe atoke msikitini aje kula vitumbua nilivyoviumua kwa tembo? Rudi nalo."

"Nirudi nalo lote?"

"Kunywa basi, upotelee mbali."

Jirani alikuwa amesimama uani, na kuta za siku zile zilikuwa miti na udongo mbichi. Alisikia yote. Akaingia bila hodi, uso umembadilika.

"Kumbe ile ilikuwa chachu," akasema. "Mama, kwa nini hukunipiga?"

"Ungenirudishia?"

"Ile siwezi. Lakini kuumua naweza." Akakimbia kwake akarudi na kibuyu cha togwa. Togwa unaijua: uji mwembamba wa mtama, unatiwa kimea cha ulezi, unakuwa mtamu, ukilala unaanza kuchangamka. Kwao milimani, akasema, siku za sikukuu waliumulia mikate kwa togwa. Haikuwa kilevi, watoto waliinywa.

Mama mkwe alichovya kidole, akaonja, akatema pembeni, akaonja tena. "Ina harufu ya shamba," akasema. Lakini tulikuwa tumeshaloweka mchele. Tukatwanga, tukatia tui, tukatia togwa, tukafunika. Alfajiri nikafunua na kukuta vipovu vimejaa mpaka ukingoni. Nilifurahi mno, nikawaita wote wawili waje kuvitazama kama mtoto aliyeota jino.

Ijumaa walipika wanawake watatu. Vya kwetu vilitoka na rangi ya kahawia kidogo. Mimi nilionja kwa siri nikajua mara moja: si vyenyewe. Vilikuwa laini, vizuri, ila kulikuwa na uchachu kwa nyuma ambao vya zamani havikuwa nao. Nikaendelea kuvipanga juu ya majani. Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda chake, mguu pembeni ya moto, anachota supu kwa upawa na kujaza vifuu, hamtazami mtu usoni.

Katibu akala, akaitikia kwa kichwa, kwa heshima tu. Wazee wakala. Kisha utingo, ambaye springi ilimfanya mgeni wetu, akatwaa kitumbua, akakichovya kwenye supu, akafumba macho.

"Ni vile vile," akasema.

"Ni vile vile!" wengine wakadakia, na mzee mmoja akadai kifuu chake kiongezwe kwa kuwa mwaka juzi alikiacha nusu.

Mkutano ukainua mikono. Jiko likawa lake. Akaomba jambo moja tu, kwamba jirani awe msaidizi wake, na hakuna aliyepinga.

Jioni alimwita utingo pembeni. "Ulisema kweli, au ulinionea huruma?"

"Bibi, mimi nimekula vya kwako, vya mtoni, na vya tembo kule Mchinga. Vyote niliviona vile vile. Huenda ulimi wangu ni mbovu."

Mama mkwe alipika kwenye hoteli ya kijiji miaka mingi, mpaka mchele na mafuta vilipoadimika na mabasi yakakosa vipuri. Bi Mdogo naye akafunga Mchinga. Sikumwona mama mkwe wangu hata siku moja akingoja sahani barazani.

Mimi swali langu sikuliacha. Nilipika kwa togwa, nikapika kwa tembo, nikawapa watu bila kuwaambia. Walioketi mkekani kwa utulivu walitofautisha. Waliokula wima, supu inawaka mdomoni na mtu anawaharakisha, walisema vile vile. Sina jibu zaidi ya hilo, na pengine wewe utalipata.

Anza hivi: loweka vikombe viwili vya mchele mpaka asubuhi, utwange ulainike, tia tui zito, sukari, iliki kidogo na kikombe kimoja cha togwa iliyolala siku moja. Funika, weka karibu na jiko lenye joto, na usikaange mpaka uone vipovu vimefunika juu yote.