Yonasani Hakuwa Peke Yake

Tulipomzika kaka yangu Yonasani mwaka jana, Mzee Benon wa kanisa letu alisimama mbele ya waombolezaji akasema marehemu alizunguka nchi nne kwa baiskeli, peke yake, kwa nguvu za Bwana. Nguvu za Bwana nakubali. Hilo la peke yake ni uongo, na Benon anajua, maana siku safari ilipoisha tulikuwa naye kwenye pikapu moja. Mungu hahitaji kutukuzwa kwa uongo.

Yonasani alikuwa mbebaji. Aliteremsha kahawa ya watu kutoka Kyondo hadi soko la Bwera, akarudi na sabuni na mafuta ya taa ya madukani. Sulaiti, mbebaji mwenzake, alipandisha chumvi ya Katwe. Walijuana mlimani. Baiskeli yenye mzigo haipandi kwa nguvu za mtu mmoja, kwa hiyo wabebaji huenda wawili wawili: husukuma ya kwanza mpaka juu, wakaiacha, wakarudi chini pamoja kuchukua ya pili. Kaka yangu na Sulaiti walisukumana hivyo miaka mingi.

Mwaka 2014 waliamua kwenda Rwanda, Burundi na Tanzania, kisha warudi kwa njia ya Bukoba. Sokoni waliwacheka. Yonasani alipoulizwa anafuata nini huko, alijibu kwamba miguu yake imebeba kahawa ya wenyewe vya kutosha, sasa imbebe yeye akatembee.

Jumapili Sulaiti alilinda baiskeli nje ya kanisa lolote walilolikuta. Ijumaa Yonasani alizilinda nje ya msikiti. Malaria ilipomwangusha kaka yangu Burundi, Sulaiti aliuza redio yake akanunua dawa, akamuuguza mpaka akasimama. Kanisa letu lilikuwa wapi? Halikuwapa hata pampu. Lakini redio ilipotangaza kwamba wamefika Mbarara, kamati ya mapokezi ikaundwa siku hiyohiyo, Benon mwenyekiti. Hema likasimamishwa Nyamwamba, mjini Kasese, mbuzi wa karamu wakanunuliwa, na mgeni rasmi akaalikwa.

Tulienda kuwangojea Kikorongo, pale barabara inapogawanyika: ukinyoosha unafika Kasese, ukikata kushoto unaenda Bwera. Walikuja wamejaa vumbi, midomo imepasuka. Sijamaliza kumkumbatia kaka yangu, Benon akamvuta pembeni, ingawa sauti ya Benon haijawahi kukaa pembeni. Sote tulisikia. Ibada ya shukrani ni ya mtoto wa kanisa, alisema. Mgeni rasmi hakuambiwa habari ya mtu mwingine, tena Mwislamu. Sulaiti apakiwe kwenye pikapu na baiskeli yake, apelekwe kwao, chakula atatumiwa.

Sulaiti alicheka, akamwambia kaka yangu, "Enda, ndugu. Lakini usiwaambie vile ulilia kwa kile kilima cha Burundi. Watarudisha mbuzi."

Yonasani hakucheka. "Mzee, mimi nilitoka Bwera na mutu. Nitarudi na ule mutu."

"Na mgeni rasmi je?"

"Mumupe chakula. Si iko mugeni?"

Akakata kushoto, Sulaiti nyuma yake. Benon aliwafuata na pikapu akipiga honi kama anaswaga ng'ombe, na njia nzima akitulalamikia kwamba kijana ameliaibisha kanisa. Nilimuuliza ni aibu gani inayozidi kumwacha barabarani mtu aliyekuokolea mtoto. Aliniambia nijue nafasi yangu.

Nyumba yetu iko juu ya Bwera, mwisho wa mwinuko mkali wa murami, ile changarawe nyekundu ya barabara zetu. Pikapu ilitangulia. Majirani walikuwa wamejaa uani, na Mama yetu Edisa, ambaye naye sasa amelala kaburini, alikuwa amekaa mlangoni. Wale wawili walitokea wakisukuma baiskeli ya Yonasani. Wanawake wakapiga vigelegele. Benon, aliyeona mambo yameishia hapo, akainua mikono aombe. Alipofungua kinywa, Yonasani alikuwa ameegemeza baiskeli ukutani na kugeuka. Waliteremka tena wote wawili kufuata baiskeli ya Sulaiti. Tulikaa tukingoja, Benon hajui mikono yake aiweke wapi.

Waliporudi, Mama aliosha uso wa Yonasani kwa kitambaa chake, akakikamua, akaosha na wa Sulaiti. Halafu akamwomba Benon aombe.

Benon aliomba sana. Alimshukuru Mungu kwa Yonasani, kwa miguu ya Yonasani, kwa imani ya Yonasani katika nchi za ugeni, kwa kanisa lililomlea Yonasani. Alipovuta pumzi ili amalize, Mama akasema, macho yamefumbwa, "Na Sulaiti."

Benon akafunga sala kwa jina la Yesu, akasema amina.

Hakuna aliyeitikia. Hata wazee wenzake wa kanisa waliendelea kuinamisha vichwa. Kuku walipita miguuni petu, na watu wote wa ua ule wakangoja, macho yamefumbwa, mpaka Benon alipoanza tena na kumtaja Sulaiti kwa jina lake. Ndipo tukasema amina.