Mayai yenye Alama ya Mkaa

Msinicheke sana. Nina cheti cha shule ya usiku, lakini yai limeniaibisha. Mzee mmoja wa kijiji cha Sepuka alikuja kuona kama naweza kumlisha binti yake niliyemposa. Nilishamtambia cheti changu, tena nikamwambia kuku wangu wanataga mpaka Bwana DC ananionea wivu.

Nyuma ya mlango nilikuta kikapu cha mayai yenye alama ya mkaa. Nikajua mama kamchagulia mgeni. Nikayachemsha yote.

Mzee akamenya la kwanza, akanisogezea sahani. Ndani ya yai kifaranga kilikuwa na manyoya tayari.

“Mama, hii alama ni ya nini?”

“Hayo yanaatamiwa, mwanangu. Natia alama yasichanganyike na mapya. Kuku alitoka kula tu.”

Mzee akanawa mikono taratibu, akamgeukia mama.

“Kumbe mfugaji ni wewe, dada. Huyu kijana anafuga cheti.”