Uwongo Wangu wa Gurudumu Moja

Haya si mambo ya kujisifia, na kama si ninyi kunibana tangu tuanze kunywa munkoyo huu ningeendelea kuyanyamazia, lakini ndiyo, yule mtu wa gurudumu moja aliyewasimamisha watu wa Elisabethville juani Jumapili mchana, wakubwa kwa wadogo, alikuwa mimi.

Nilikuwa kijana, Wabelgiji bado wako, nami nilikuwa fundi wa kinga (kwetu Katanga baisikeli tunaiita kinga) kwenye misheni moja upande wa Lukafu. Siku moja lori lilirudi nyuma likaikanyaga kinga ya katekista, vikabaki kiti, pedali na gurudumu la nyuma, na mimi badala ya kutupa nikaviunganisha, pedali nikazichomelea palepale katikati ya gurudumu, nikapata kitu cha kupanda kisicho na usukani wala breki, ambacho ukitaka kusimama ama unaruka ama unaanguka. Nilijifunza miezi mitatu kwenye uwanja wa kuanikia mahindi. Magoti yangu ni mashahidi.

Sasa, kaka yangu mkubwa, Yaya Donati (yaya kwetu ni ndugu mkubwa), alikuwa seremala mjini, na kwa mwaka mzima alikuwa ananisemea kwa Baba Polikarpe, kapita, yaani msimamizi, wa reli, mtu wa suti nyeusi na maneno machache, ili nimwoe binti yake Veronika, ambaye nilimwona alipokuja Lukafu kwa shangazi yake wakati wa mavuno. Baba Polikarpe hakuwa na haraka ya kumpa binti yake mtu wa pori. Yaya akaenda, akarudi, akaenda tena, mpaka akaambiwa haya, mlete Jumapili saa tisa. Katika barua aliyoniandikia, hiyo saa tisa aliiandika mara nne, na ya mwisho akaipigia mstari.

Nilifika Jumamosi asubuhi juu ya lori la unga la misheni, na gurudumu langu nimelifunga kwenye gunia. Yaya alikuwa kazini, ufunguo kauacha kwa jirani. Mtu mwenye akili angeoga akalala. Mimi nikasema, ngoja nizunguke kidogo mjini, nirudi kabla Yaya hajafika, nani atanijua?

Jamani, ile lami! Mtu aliyejifunza kwenye udongo akipata lami ni kama ameota mabawa. Nikapita chini ya mijakaranda iliyomwaga maua njia nzima, nikapita mbele ya maduka ya Wagiriki, nikajiona kwenye vioo vyao mrefu kuliko watu wote. Polisi mmoja alinisimamisha (nikaruka chini), akaanza kutafuta ile sahani ya namba ambayo kila kinga lazima iwe nayo, akazunguka, akainama, akachungulia chini ya kiti.

“Hii iko kinga?” akaniuliza.

“Iko nusu, chef.”

Akafikiri sana. Mwishowe akanipungia mkono nipite, na nadhani ruhusa ile ndiyo iliyoniharibu kichwa, maana badala ya kurudi nyumbani nikaingia moja kwa moja cité, mtaa wetu sisi weusi, Jumamosi ile ambayo kila mtu yuko nje.

Watu wakanifuata. Kwanza watano, halafu sikuweza kuhesabu, wanawake wameacha masufuria, vijana wanapiga miluzi. Mbele ya nyumba moja kulikuwa na fundi cherehani, mzee mwenye futi shingoni, akasimama katikati ya njia na kunyoosha mikono miwili.

“Simama kwanza! Weye iko muntu ya wapi?”

Nikaruka chini. Kabla sijafungua kinywa, kijana mmoja mwenye kofia ya kizungu akaniangalia miguu na kusema, “Si munaona viatu yake? Huyu iko musenji ya kule Lukafu, anakuya kuuzisha bunga.”

Wakacheka. Musenji ni mshenzi, mtu asiyejua kitu, na neno lile lilinichoma kwa sababu bila shaka ndilo alilokuwa nalo Baba Polikarpe moyoni mwaka mzima. Kingine kilichonichoma ni kwamba kijana alikuwa amepatia. Lukafu, unga, vyote. Kama ningecheka nao yangeishia pale. Lakini nikasikia mdomo wangu unasema, “Miye? Miye natoka Rodesia. Niko muntu ya spectacle.”

Waliposikia spectacle, yaani maonyesho, kicheko kikakatika. Watu walinitazama kwa macho mengine kabisa, na (nisiwadanganye tena) ilikuwa tamu.

“Spectacle iko lini?” fundi cherehani akauliza, sasa kwa heshima.

“Kesho.”

“Wapi?”

Nikaonyesha kwa kidevu uwanja wa mpira, ule wenye kichuguu kikubwa pembeni.

“Saa ngapi?”

Na hapo, ndugu zangu, kichwani mwangu mlikuwa na saa ile tu iliyopigiwa mstari. “Saa tisa,” nikasema.

Nilirudi kwa Yaya nikalisukuma gurudumu chini ya kitanda, nikajiambia watu watasahau. Kumbe! Jumapili tulipotoka Misa nilisikia akina mama wanaambizana kwamba mtu wa Rodesia ataendesha juu ya kamba, mwingine anaongeza kwamba atakuwa anakula moto. Yaya akaniuliza, “Feliksi, unasikia? Tungekuwa na nafasi tungeenda kuona.” Nikasema tuna mambo ya maana zaidi. Nilipata nafasi ya kumwambia pale, na nilipata nyingine njiani, na nyingine tulipokuwa tunafunga miguu ya kuku mweupe wa kumpelekea mkwe. Zote nikaziacha zipite.

Saa tisa kamili tulikuwa kwa Baba Polikarpe, Yaya kwenye koti lake la harusi na mimi na kuku. Nyumba ilikuwa tupu. Alikuwapo bibi mmoja tu, mama yake Baba Polikarpe, anapepeta maharagwe.

“Mukae, batoto,” akasema. “Bote banaenda kuona muntu ya kinga ya muguu moja. Polikarpe anasema bantu ba kule Lukafu habana saa, batafika magaribi.”

Yaya akacheka kwa adabu, akatoa saa yake ya mfukoni na kumwonyesha bibi, kwa fahari. Mimi nikakaa na kuku magotini. Kutoka uwanjani, mtaa wa pili, tulisikia watu wanaimba na kupiga makofi, baadaye wanaimba kidogo, baadaye kimya, baadaye makelele ambayo hayakuwa ya wimbo. Jasho lilinitoka hata kuku akawa anateleza.

Wakarudi. Baba Polikarpe mbele, kola imelowa, mwavuli mkononi, mke wake, Veronika na gauni la kitenge, vumbi mpaka magotini. Na nyuma yao, kwa sababu Mungu naye ana siku zake, yule fundi cherehani, jirani yao, bado anafoka. Alipoingia uani akaniona. Akasogea. Kisha akaninyooshea kidole.

“Njo huyu! Muntu ya Rodesia njo huyu!”

“Hapana, tata,” Yaya Donati akasema, akasimama. “Unamufananisha. Huyu iko mudogo yangu, Feliksi, njo ule balisema atakuya. Rodesia hayafika hata siku moja. Naapa kwa jina ya mama yetu, mwenye iko mu kaburi.”

Wenzangu, hapo ndipo aibu yenyewe. Kuanguka mbele za watu si kitu. Mtu aliyeniombea mwaka mzima alikuwa amesimama mbele ya wakwe, ameweka jina la marehemu mama yetu juu ya mdomo wangu, na mdomo wangu ulikuwa mchafu. Ningeweza kunyamaza. Fundi cherehani alikuwa mmoja, sisi tulikuwa wawili, na Yaya alikuwa anaheshimika.

Nikamweka kuku chini. “Yaya,” nikasema, “iko miye.”

Yaya alikaa taratibu, akatazama mikono yake kana kwamba imeajiriwa na mtu mwingine.

Baba Polikarpe akafuta shingo kwa leso. “Ile kinga iko wapi?”

“Kwa Yaya, baba. Chini ya kitanda.”

“Enda kuleta. Bantu bangali banangoja.”

Walikuwa bado wanangoja, kweli, wengine wamepanda kichuguu ili waone vizuri. Baba Polikarpe akanisindikiza mpaka katikati ya uwanja na kuniambia niseme kwanza. Nikasema kwa sauti ambayo haikufika hata golini, akaniambia rudia. Nikarudia: jina langu ni Feliksi, ninatoka Lukafu, nilikuja na lori la unga, Rodesia siijui, nilidanganya. Kicheko kilichotoka pale sijawahi kukisikia tena. Kisha nikapanda, na uwanja ule ulikuwa wa mchanga (nilisahau, jana yake nzima nilikuwa kwenye lami), gurudumu likazama, nikaenda chini. Nikapanda, nikaenda chini. Mara ya tatu nilizungusha miguu kama hatua kumi hivi, suruali ikapasuka nyuma toka kiunoni mpaka panapojulikana, na nikaanguka mbele ya Veronika, ambaye alikuwa amejifunika uso kwa mikono miwili, na mpaka leo hataki kusema kama alikuwa analia au anacheka.

Fundi cherehani ndiye aliyenifunga futi yake na shati lake kiunoni, akanipeleka kwake, akaishona suruali huku ananitukana bila kupumzika, na mshono wake ulikuwa mzuri kuliko wa kwanza.

Baba Polikarpe hakunifukuza. Alisema tu, “Maneno ya ndoa, leo hapana. Ulichafua mudomo ya mukubwa yako. Tengeneza na yeye kwanza.” Nikarudi Lukafu juu ya lori, nikalima, nikatengeneza kinga za watu, nikamwandikia Yaya barua nyingi, naye akajibu zote, kwa upole, habari za kazi na mvua. Baada ya mavuno mawili Baba Polikarpe akaniita mwenyewe, na Veronika akasema anakubali. Nikamkimbilia Yaya kumwomba aje anisemee.

“Nitakuya, mudogo yangu,” akasema. “Nitakula, nitacheza mpaka asubui. Lakini kusema, utafute muntu ingine.”

Alikuja, akala, akacheza kuliko wote. Aliyenisemea ni mjomba wetu. Tangu siku ile Yaya Donati amenipa mbao, amenipa ushauri, amenibebea watoto wangu wakiwa wagonjwa, lakini mbele za watu hajasema tena neno hata moja kwa niaba yangu. Sijamuuliza kwa nini. Gurudumu naweza kulipanda tena hata kesho, si lenyewe lililonikosesha. Ila nimeapa, na safari hii nimeapa mwenyewe, kwamba hakuna mtu atakayesimama tena kunitetea kabla sijamwambia kwanza yote niliyoyafanya.