Diski Iliyozikwa kwa Simu

Jina la Mama Mkato lilikuwa na asili mbili: alishona nguo za watu kwa miaka thelathini na nne, na hakujua kuzungumza kwa kuzunguka. Macho yalipoanza kugombana na tundu la sindano, alinunua kompyuta ya mezani, akaiweka pembeni ya cherehani na kuanza kuandika kitabu cha kufundisha ukataji wa nguo. Ilimchukua miaka sita kufika ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili. Nakala ilikuwa moja tu, humohumo ndani ya mashine.

Jumamosi asubuhi, katikati ya sura ya kola, kompyuta iliganda. Kishale kilisimama kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni. Alipoizima na kuiwasha, skrini nyeusi ilimjulisha kwa maandishi meupe kwamba hakuna diski.

Alimpigia mkwewe, ambaye ofisini analipwa kuwaambia watu wazime na kuwasha.

"Hiyo diski imekufa, mama. Pole sana."

"Umeipima mapigo?"

"Mama, mimi niko mbali."

"Ndiyo maana nauliza."

Mkwe akamwelekeza kwa fundi wa kompyuta wa mtaa wa pili. Huyu alikuwa mpole, na kwa kila mgonjwa alikuwa na dawa moja.

"Natoa hiyo mbovu, naweka nyingine, napiga Windows. Kesho unachukua, mama yangu."

"Na hiyo mbovu?"

Fundi alionyesha kwa kidevu boksi lililokuwa chini ya meza, limejaa diski za watu wengine.

"Nani kasema ni mbovu?"

"Si haionekani?"

"Hata wewe jana nilipita hapa hukuonekana. Mbona hatukukutupa?"

Akaikumbatia kompyuta yake na kuondoka nayo, huku fundi akiueleza mgongo wake kwamba atarudi tu.

Nyumbani aliichomoa kwenye umeme, akatandika shuka mezani na kutoa bisibisi ya cherehani. Sheria yake ilikuwa ya zamani: mashine ikigoma, unabadilisha kitu kimoja, unajaribu, ndipo unagusa kingine. Anayebadilisha uzi, sindano na bobini kwa mpigo hatajua kamwe ni kipi kilichomsaidia. Akafungua daftari la vipimo, na penye safu ya kiuno akaandika: *Vumbi*.

Vumbi lilikuwepo. Kwa miaka sita kompyuta ilikuwa imevuta hewa ya cherehani, na feni ilikuwa imevaa sweta la nyuzi za kila rangi. Matundu ya juu nayo yalikuwa yamezibwa na kitambaa cha kufuma, ambacho yeye mwenyewe alikitandika ili kompyuta ipendeze kama televisheni ya sebuleni.

"Haya," alisema, "mtuhumiwa wa kwanza ni mimi."

Alipiga brashi mpaka feni ikazunguka kwa kupulizwa. Akawasha. Hakuna diski. Akaandika *sivyo*. Akaikaza waya ya umeme ya diski. *Sivyo*. Akaihamisha kebo ya pili, ile nyembamba inayobeba habari, kwenye tundu jingine. *Sivyo*. Safu ya kiuno ikajaa, akahamia kifuani.

Ndipo alipoona kwamba sehemu ya kuchezea CD, ambayo haikuwa imeguswa tangu harusi ya bintiye, ilikuwa na kebo nyembamba ya aina ileile. Akaichomoa bila kuomba radhi na kuipa diski.

Kompyuta ikawaka, ikaleta picha ya wajukuu, na kando yake faili la kitabu. Kebo ya zamani, alipoikunja kwenye mwanga, ilikuwa na ufa penye kona. Akampigia mkwewe.

"Marehemu anauliza kama mmeshachimba kaburi."

Mkwe alifika alasiri hiyohiyo na diski mpya kwenye mfuko, akaiona kebo yenye ufa mezani.

"Shikamoo, mama. Umetumia kebo gani?"

"Marahaba. Ya CD."

"Sasa CD haitafanya kazi."

"Haikuwa inafanya kazi. Ilikuwa inakaa."

Mkwe alinyoosha mkono kuelekea kwenye kibodi. "Ngoja basi niiangalie kidogo, kuna kitu nataka kubadilisha..."

"Weka diski yako hapo. Kitabu kinaingia kwenye flashi, kimefika nusu. Kikimaliza kitaingia na kwenye hiyo yako. Mpaka hapo, mkono wa mtu sitaki kuuona."

Mtaalamu akavuta kigoda, akaketi na kuweka mikono magotini. Wote wawili wakaitazama asilimia ikipanda.