Nyumba Iliyofunguliwa Desemba

Nyumba iliyofungwa miezi kumi na mmoja ina harufu yake, na mimi harufu hiyo naijua kuliko ya nyumba niliyozaliwa. Ni harufu ya vanishi, ya zulia lisilokanyagwa, ya nailoni iliyofunika makochi mapya, na chini ya hayo yote ubaridi wa saruji ambayo haijawahi kuguswa na moshi wa jiko. Ilinijia usoni kila Jumamosi asubuhi, mama alipozungusha ufunguo mara mbili na kuusukuma mlango kwa bega, maana mvua za Kilema, kwetu mlimani, huivimbisha mbao yoyote. Mimi nilisimama nyuma yake na ndoo na fagio, mtoto wa darasa la tano, na kabla sijaona chochote ndani nilikuwa tayari nimekasirika.

Nyumba ilikuwa ya baba mkubwa, kaka yake baba, aliyekuwa na kazi nzuri Dar es Salaam. Aliijenga kwenye sehemu yake ya kihamba, yaani shamba letu la ukoo la migomba na kahawa, mteremko mfupi tu chini ya kwetu. Sisi Wachagga mnatujua: tunajenga majumba mlimani, tunaishi kwingine, halafu Krismasi tunarudi kufungua madirisha na kukaa wiki mbili. Baba yangu alikuwa kitinda mimba, na kwa desturi yetu kitinda mimba ndiye hubaki na nyumba ya wazazi. Ndivyo tulivyopata heshima ya kuishi katika nyumba ya babu, yenye kuta za mbao na mabati yaliyoshika kutu, huku wenzetu wakipata nyumba ya vigae ambayo hawakuwa na muda wa kulala ndani yake. Ufunguo wa nyumba hiyo aliachiwa mama. Aliuweka ndani ya kopo la majani ya chai, na kijiji kizima kilijua. Mtu akitaka kumsifu mama hakuwa na haja ya maneno mengi, alisema tu kwamba huyu ndiye mwenye ufunguo wa kwa akina Janeth, na mama alipolisikia hilo kanisani alirekebisha kitenge chake na kutembea wima zaidi.

Janeth alikuwa binti wa baba mkubwa, tuliyepishana naye miezi minne, na sebule ile ilikuwa yake. Kuta zilikuwa na rangi ya maziwa, na mapazia nayo rangi ya maziwa, mazito, yakishuka kutoka karibu na dari hadi sakafuni, nyuma yake yakiwa na neti nyepesi. Makochi yalikuwa ya kahawia. Kitu chekundu kilikuwa kimoja tu, mito minne midogo, na jicho lako likiingia mle lilikwenda moja kwa moja kwenye mito ile, likapumzika. Hii haikuwa bahati. Mama mkubwa, mama yake Janeth, alikuwa na sheria zake na alipenda kuzitangaza: sebule moja rangi tatu, basi, kochi lisigusane na ukuta, picha itundikwe mahali macho ya mtu aliyesimama yanapofika, siyo kule juu kama tangazo la mnada, na kila chumba kiachiwe sehemu tupu, kwa sababu chumba nacho kinataka kupumua. Nilizishika zote kwa kichwa. Jumamosi nikifuta vumbi nilizirudia kimoyomoyo, na kila niliyoirudia ilikuwa hukumu dhidi ya kwetu.

Maana kwetu chumba hakikupumua. Viti viliegemea ukuta pande zote nne, magoti ya wageni yakitazamana. Juu ya kila kiti palikuwa na kitambaa alichofuma mama, kijani, waridi, njano, kutegemea uzi uliokuwa umebaki, na redio nayo ilivalishwa kitambaa chake. Picha ya harusi ya baba na mama ilining'inia karibu na dari, imeinama mbele, kana kwamba bibi harusi anataka kuona tunakula nini. Ukutani palijaa kalenda, za miaka iliyopita na za miaka iliyopita zaidi, kwa kuwa mama hakuweza kutupa kitu chenye picha nzuri. Katikati ya kalenda hizo, ndani ya fremu ambayo baba alinunua mjini, ilikuwapo picha yangu ya komunyo ya kwanza, nimevaa gauni la kuazima. Ilikuwa fremu pekee mpya katika nyumba ile. Nilikuwa nikiitazama kila asubuhi kabla ya kwenda shule, na hata wivu wangu ulikuwa ukitulia kidogo mbele yake.

Mwaka huo walikuja siku tano kabla ya Krismasi. Gari lilipoingia tulikimbia kushusha mizigo, shikamoo zikapokewa, na Janeth akapita mbele yangu akaingia sebuleni kwake na kujitupa kwenye kochi ambalo mimi nilikuwa nimelifuta mwaka mzima bila kulikalia hata mara moja. Alijitupa na viatu. Hakuwa mtoto mbaya, aliniletea hata kalamu za rangi, lakini kile kitendo cha kujitupa nilikichukia kwa mwili wangu wote. Kesho yake mama mkubwa alipanda kwetu kusalimia. Mama akamtandikia kitambaa kizuri kuliko vyote, akampa chai ya maziwa. Mama mkubwa alizungusha macho ukutani, akacheka kwa upole, akasema, "Mama Filo, jamani, sebule yako ina kelele! Kila kitu kinaongea kwa wakati mmoja."

Mama alicheka pia. Alicheka sana, akampiga mwenzake begani, wakaendelea na habari za kipaimara cha mtoto wa jirani. Lakini niliporudi jioni kutoka kuchota maji, kalenda zote zilikuwa zimeshushwa. Ukuta ulibaki na miraba myeupe pale zilipokuwa, na picha yangu ya komunyo ilikuwa imelazwa kifudifudi ndani ya droo, juu ya sindano za kufumia. Nilimuuliza mama kwa nini. "Kelele," akasema bila kunitazama, na akaendelea kuvuta kiti kimoja kutoka ukutani, akikisogeza mbele, akikirudisha, hajui akiache wapi. Sikumkasirikia mama. Hasira yangu yote iliteremka mgombani hadi kwenye nyumba ya vigae.

Mkesha wa Krismasi, asubuhi, wanawake wa ukoo walikaa uani kwa mama mkubwa kumenya ndizi. Waliokulia kwetu wanajua kazi hiyo. Ndizi mbichi hutoa utomvu, na utomvu ukishika nguo umeshika, hakuna sabuni wala jua litakaloutoa. Kwa hiyo mtu hupaka mikono mafuta kabla hajashika kisu, na akimaliza hagusi kitu mpaka anawe. Mtoto wa miaka sita analijua hilo. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na asubuhi hiyo sikupaka mafuta. Nilimenya ndizi baada ya ndizi nikiusikia utomvu ukinata katikati ya vidole, na mama mkubwa aliponiambia, "Filo mwanangu, kimbia unichukulie beseni ndani," nilikwenda ndani, nikapita jikoni bila kusimama, nikafika sebuleni, nikalishika pazia la dirisha kubwa kwa mkono wa kulia na kukikandamiza kiganja chote juu yake. Watu wakikumbuka makosa yao ya utotoni hupenda kusema waliteleza. Mimi sikuteleza.

Utomvu mbichi hauna rangi. Nilipoachia pazia halikuwa na kitu, unyevu tu kama wa mtu aliyenawa, na nilisimama pale nimechanganyikiwa, nusu nimeshukuru na nusu nimedhulumiwa. Nikachukua beseni nikatoka. Siku ile ikapita, Krismasi ikapita, misa, nyama, pombe ya mbege, na mimi nikaanza kuamini kwamba Mungu alikuwa ameufuta. Siku iliyofuata ukoo mzima ukaja kula kwa baba mkubwa. Jua liliingia kwa dirisha kubwa, likapita ndani ya pazia, na pale katikati palikuwa pametokea mkono wa kahawia iliyoiva, vidole vitano na kiganja.

Mama mkubwa ndiye aliyeuona. Hakupiga kelele, na pengine angepiga ingekuwa afadhali. Alisimama na sahani mkononi akauliza, "Nani ameshika pazia langu na utomvu?" Watu karibu thelathini wakaligeukia dirisha. Nilimwona mama akilitazama lile doa. Kiganja kilikuwa kidogo, mtu yeyote mwenye macho angejua ni cha mtoto, na watoto tuliokuwa tumemenya ndizi tulikuwa wawili tu, mimi na binti wa shangazi ambaye hakuingia ndani. Mama aliinuka taratibu, akaenda dirishani, akalikunja pazia mkononi mwake hadi doa likapotea ndani ya mikunjo. "Ni mimi, Mama Janeth," akasema. "Nilikuja kufungua dirisha, nikasahau kunawa."

Halafu wakacheka. Hilo ndilo ambalo sijaweza kulisahau. Mwanamke wa Kilema, aliyemenya ndizi tangu hajaota meno ya pili, asahau utomvu! Shangazi alipiga makofi kwa kicheko, mjomba mmoja akauliza kama kesho atasahau na namna ya kupika mtori wa ndizi, na mama akacheka pamoja nao, amesimama vilevile, ameshikilia pazia. Mimi nilikuwa mlangoni. Ningeweza kusema. Nilikuwa na nafasi ya kusema wakati wote waliocheka, na walicheka muda mrefu.

Mama hakuniuliza kitu, wala hakunipiga. Siku mbili baadaye, tulipoketi kumenya ndizi za kwetu, alinisogezea kibakuli cha mafuta kabla hajanipa kisu. "Paka kwanza," akasema, na akangoja, akiniangalia vidole mpaka nilipomaliza vyote kumi. Ndipo nikajua kwamba anajua. Mwaka mpya ulipoingia, akina Janeth wakifunga mizigo, mama mkubwa alipanda tena kwetu. Alisema kwa heshima nyingi kwamba Mama Filo ana kazi nyingi, shamba, ng'ombe, watoto, na si vizuri kumwongezea mzigo. Ufunguo ukahamia kwa mke wa katekista wa kanisa letu. Mama akautoa kwenye kopo, akaufuta kwa kanga, akaukabidhi kwa mikono miwili. "Aika," akasema, asante, kama vile yeye ndiye aliyepewa.

Nilidhani hasara yake ilikuwa ile ya jina, ya kutotajwa tena kanisani. Ilinichukua Jumamosi kadhaa kuelewa kwamba kulikuwa na nyingine. Mama alikuwa akimaliza kazi zake za asubuhi, halafu anasimama mlangoni akitazama mteremko, hana la kufanya na mikono. Nikakumbuka kwamba kila Jumamosi, tukishamaliza kufagia kule, alikuwa akinituma mbele nikakate majani ya ng'ombe, yeye akisema anabaki kufunga madirisha. Kufunga madirisha kulichukua muda mrefu sana. Siku moja nilikuwa nimerudi kuchukua panga nililolisahau, nikamkuta amekaa kwenye kochi la kahawia, ndala zake zimepangwa nje mlangoni, mikono juu ya magoti, anatazama mapazia. Alishtuka, akainuka, akaanza kupangusa pale alipokuwa amekaa. Kumbe tulikuwa wawili wenye wivu katika nyumba ile, ila wa kwake haukuharibu kitu cha mtu. Alikuwa na saa moja kwa wiki ya kukaa mahali pazuri, nami nikamnyang'anya.

Leo kazi yangu ni mapazia. Nina chumba cha kushonea mjini Moshi, na fundi wa makochi ninayefanya naye kazi yuko Pasua. Naingia katika nyumba za watu, wenye maduka, madaktari, wastaafu, nawaambia rangi tatu basi, nawaambia waache sehemu tupu, nao wananilipa kwa sheria za mama mkubwa kana kwamba nimezisomea. Wivu haujaniacha. Bado naingia sebule ya mtu, naona mwanga umekaa vizuri, na kitu kinanibana kifuani kabla sijasalimia. Watoto wa siku hizi naona wanabanwa hivyo kupitia simu, nyumba mia kwa siku, za watu wasiowajua. Mimi nilikuwa na moja tu, na ilitosha. Ya akina Janeth bado ipo, bado hufunguliwa Desemba, na sasa ina dari ya jipsamu.

Mwaka jana nikamaliza nyumba ya kwangu, mtaa wa Rau, hapahapa Moshi. Nilikuwa nimeijenga kidogo kidogo, na sebule niliipanga miezi mitatu, nikijua nampangia nani. Nilimteremsha mama kutoka Kilema siku ya Jumamosi, nikamkalisha kiti cha mbele cha gari, nikamfungulia mlango aingie peke yake. Kwake kule mlimani kalenda zilirudi ukutani zamani, na jirani akija anajichagulia kiti huku akiendelea na hadithi aliyoianzia mgombani. Kwangu mama alivua viatu nje. Alisimama ukingoni mwa zulia, mzee sasa, ameshika mkoba kwa mikono miwili, akatazama kila kona, akasema ni pazuri, pazuri kweli. Kisha akaligusa kochi kwa ncha ya kidole, akaniuliza, "Filo, hapa panakaliwa?"

Nilimwambia panakaliwa, mama, ni pako. Sijui kama alinisikia. Alikuwa ameshakwenda barazani. Alirudi na kigoda ambacho mafundi walikisahau, kina matone ya rangi kila upande, akakiweka katikati ya ile sehemu tupu, akakaa, akanyoosha miguu, akashusha pumzi. Nikakionea wivu kile kigoda.